Uso wa Kasuku

9 Januari

Wifi,

Natumaini barua hii itakukuta una afya. Ikikukuta na hasira pia si neno, nimeshazizoea. Mimi ni mzima. Zamu za hospitali zimebana na chumba nilichopanga kina ukungu ukutani, lakini nikilala nalala. Mama yangu bado magoti yanamsumbua na anakusalimia. Sijui kwa nini anakusalimia, ila nimetumwa, nimefikisha.

Naandika kwa sababu simu yangu umeikata mara tatu. Ya kwanza nilisema ni mtandao. Ya pili nikasema una mteja kwenye kiti. Ya tatu nilikusikia kabisa ukisema "huyo tena", ndipo ikakatika. Basi barua haikatiki.

Jambo lenyewe ni mwanangu. Alipokuja likizo ya Desemba nilimpita pale kituoni bila kumtambua. Nilimwacha kwako asome, ana chunusi mbili tatu juu ya nyusi, kama msichana yeyote wa miaka kumi na sita. Nimeletewa mtoto ambaye mashavu na kidevu vimejaa, nyingine zina usaha, nyingine zimekauka zikaacha mabaka meusi. Na yeye tuliyemwita Kasuku kwa sababu hanyamazi, aliyekuwa akisoma kwa sauti kila kibao cha duka na kila karatasi ya sabuni, alikaa kwangu siku tisa mtandio umefika puani, na majibu yake yalikuwa mawili tu: "ndiyo, Mama" na "hapana, Mama".

Nilimwuliza anapaka nini. Akasema Shangazi ana krimu yake. Krimu gani? Hajui, iko kwenye kopo lisilo na karatasi. Wifi, mimi ni muuguzi. Kitu kisicho na jina hakipakwi mtu usoni. Nataka uniandikie ndani ya kopo hilo mna nini, moja baada ya jingine, bila kuzunguka mbuyu. Marehemu kaka yako angekuwepo asingekubali jambo hili hata siku moja.

Nasubiri.

Mama Kasuku


31 Januari

Wifi,

Barua yako imefika. Hapa tu wazima wote isipokuwa paka, aliyekula kope za bandia za bibi harusi wa Jumamosi, naye sasa anaendelea vizuri. Saluni imepakwa rangi mpya. Mwambie mama yako salamu zimepokelewa. Yeye sina ugomvi naye.

Kwanza, andika herufi kubwa. Unaandika visisimizi, kana kwamba wino unauzwa kwa tone. Mimi ni mtu wa kazi, sina muda wa kukodolea macho mwandiko wako.

Pili, hiyo krimu. Miaka ishirini na miwili napamba maharusi. Hakuna hata mmoja aliyetoka mikononi mwangu bwana harusi akauliza "huyu nani?" Krimu naichanganya mwenyewe, na mapishi yake sijampa mtu, sembuse wewe. Wiki ya kwanza nilipompaka mtoto, chunusi zote zililala. Ngozi ikawa laini kama ya mtoto mchanga, hata wateja walisema. Uliona? Hukuona, hukuwepo. Unasema alifika kwako uso umeharibika. Mimi nilimpandisha basi uso wake ukiwa safi, nilimtazama mwenyewe kwa macho yangu haya. Kama uliharibika, uliharibikia njiani au kwako, kwenye huo ukungu wako.

Tatu, usimtaje kaka yangu. Wewe ulimjua miaka kumi na minane, mimi nilimjua tangu anatambaa. Kaka yangu alikuwa na chunusi mpaka asubuhi ya ndoa yenu. Ulijua? Hukujua, kwa sababu nilikaa naye tangu saa kumi na mbili nikiwa na poda na sifongo mpaka akatulia. Ile picha ya harusi uliyoitundika ukutani ni kazi ya mikono yangu. Ukiitazama, unanitazama mimi.

Mtoto anakula, analala, anasoma. Jumamosi ananisaidia saluni, ananipangia rangi. Muuguzi mzima huna cha kufanya wodini mpaka uhesabu makopo ya watu?

Wifi yako


19 Februari

Wifi,

Nashukuru kwa habari za paka. Kwangu hakuna jipya ila jirani amenunua redio kubwa, na mama magoti yamevimba tena.

Herufi kubwa huandikiwa watoto wa chekechea, lakini kama unavyoona nimezikuza, usije ukapata kisingizio. Na mwandiko wako wewe umenyooka kweli siku hizi. Zamani ulikuwa unaandika kama kuku amepita kwenye unga. Naona uzee unakutengeneza.

Sitajibizana nawe kuhusu poda ya asubuhi ya ndoa yangu. Nimeisoma mara moja, nimeiweka. Lakini umenijibu bila kunijibu. Nimeuliza ndani ya kopo mna nini, umenipa historia ya ukoo.

Basi nimechukua hatua. Pamoja na barua hii kuna chupa mbili za spiriti. Wodini ndiyo tunayosafishia ngozi kabla ya sindano, inaua kila kijidudu. Chunusi ni uchafu na vijidudu, hakuna uchawi hapo. Aloweshe pamba, asugue uso wote asubuhi, mchana akirudi shuleni, na jioni. Asugue, asipanguse tu. Itamchoma kidogo siku za mwanzo. Kuchoma ndiko kufanya kazi. Na ile krimu yako uiache kabisa. Haya si maoni, ni ya kitaalamu.

Jambo la mwisho. Juni nina likizo ya wiki mbili. Nitakuja. Nikikuta uso ule ule, namchukua siku hiyo hiyo, mtihani au si mtihani. Nilikupa mtoto, sikukupa turubai la kujifunzia rangi.

Mama Kasuku


15 Machi

Wifi,

Tumeamka salama. Mvua imevujia chumba cha nyuma, fundi amekuja, ametazama, amekunywa chai, ameondoka.

Spiriti imefika. Nimefanya kama ulivyoagiza, na usidhani ni kwa kukuogopa. Mtoto ana mtihani Novemba, huwezi kumng'oa katikati ya mwaka kama muhogo. Ndiyo maana nikasema haya, mama yake ndiye muuguzi, mimi ni mtu wa wanja na poda, ngoja nifuate.

Asubuhi ya kwanza aliruka mpaka akagonga beseni. Nikamwambia vumilia, mama yako ndiye anayejua. Ya pili akalia. Ya tatu hakulia tena. Sasa amezoea, anasugua mwenyewe bila kuambiwa. Ngozi ikimwasha usiku nampaka krimu yangu kidogo juu yake ili ipoe. Usianze! Dawa yako inachoma, yangu inapoza, bila yangu yako isingevumilika.

Nakiri jambo moja, maana mimi si mtu wa kuficha. Mwezi uliopita mama mmoja alimleta binti yake kupambwa, akamwona Kasuku amekaa mlangoni. Akaninong'oneza: "Mpambaji, huyu akikaa hapa mbele, watu watadhani ndiyo kazi yako." Ilinikaa moyoni. Basi nimemhamishia chumba cha nyuma, anatoka nikimwita tu. Si kwa ubaya. Biashara ni mlango, na mlango ni sura.

Sasa habari njema uipende usiipende. Wiki ya tatu hii, uso unang'aa. Nimemsogeza jana mchana nikamtazama: unang'aa kama sinia lililosuguliwa kwa majivu. Wekundu kidogo upo, ndiyo damu inarudi. Ukija Juni hutakuwa na la kusema, na hilo ndilo litakalokuuma.

Wifi yako


6 Aprili

Wifi,

Salamu kutoka huku. Mimi ni mzima, mama anatembea kwa fimbo lakini anatembea.

Nilijua! Ungenisikiliza tangu mwanzo, tusingepoteza mwaka mzima. Ninyi watu wa saluni mnafunika, sisi tunatibu. Sasa usilegeze. Ongeza iwe mara nne, na ile ya jioni asugue mpaka pamba itoke nyeupe. Nimekutumia chupa nyingine tatu.

Akilalamika usimsikilize, mtoto wa kike anadeka. Aliniandikia kikaratasi mwezi uliopita: "Mama, inauma." Sikumjibu. Nikimjibu atalegea, na huruma ya mama ndiyo inayoharibu watoto. Kuuma kunapita, sura inabaki.

Na unifahamu kwa nini nimekuwa mkali. Sikukuambia haya Desemba. Tulipokuwa tunakula nilikaa nimempa mgongo. Zile za kidevuni zilinishinda, chakula hakikupita. Mwanangu mwenyewe, nimemzaa, nikashindwa kumtazama. Hayo ndiyo uliyonifanyia wewe na kopo lako. Nataka uyajue, na uyabebe.

Juni si mbali.

Mama Kasuku


10 Mei

Wewe,

Leo sina salamu. Paka mzima. Basi.

Jumatatu nimeletewa barua ya mwalimu mkuu. Mtoto wako hajaonekana shuleni siku kumi na saba. Siku kumi na saba anatoka hapa sare imepigwa pasi, mkoba mgongoni, mtandio mpaka machoni, "Shangazi, nakwenda." Anakwenda wapi? Maktaba ya mji. Anakaa kona ya magazeti ya zamani, ambako kila mtu ameinamisha kichwa na hakuna anayemtazama mwenzake. Mhudumu wa maktaba alidhani ni mkubwa anayetafuta kazi.

Na Jumamosi alitoweka siku nzima, siku nina bibi harusi wa ukoo mkubwa. Sitaki kuyaandika yaliyotokea. Nitayaandika. Nyusi moja ilipanda, moja ikashuka. Midomo ilitakiwa rangi ya waridi, nikampaka zambarau. Mama mtu aliingia, akapiga ukelele uliosikika mpaka kwa kinyozi wa mtaa wa pili. Miaka ishirini na miwili! Wakamwosha binti yao kwenye beseni langu, mbele yangu, wakaenda kwa yule chipukizi wa ng'ambo ya barabara.

Alikuwa wapi mwanao? Zahanati. Alikwenda peke yake, kwa miguu. Jioni karudi na karatasi ya muuguzi. Ngozi imeungua. Spiriti yako imeichuna. Na eti krimu yangu nayo ina dawa ndani ambayo kwanza inazilaza chunusi, halafu zinarudi na jeshi zima. Hayo ya krimu nitayashughulikia mwenyewe, aliyeniuzia viungo nitamkuta sokoni.

Lakini sikiliza hili, na ukae kitako. Muuguzi wa zahanati alimwuliza, "Nani alikuagiza spiriti usoni?" Mtoto akajibu kwa adabu, "Mama yangu, naye ni muuguzi, hospitali kubwa." Muuguzi akashangaa, ana mwenzake aliyesoma naye yuko hospitali hiyo hiyo, akampigia hapo hapo. Wodi zote hawamjui muuguzi huyo. Wakaulizana, wakaulizana, mwisho mmoja akacheka: "Ah, huyo! Huyo yuko chumba cha kufulia. Anafua mashuka."

Mashuka! Mimi nimemshika mtoto wa kaka yangu mabega atulie asuguliwe, nikimwambia mama yako ndiye anayejua. Kumbe mtaalamu wa sabuni ya unga! Umenipigia kelele za kitaalamu tangu Januari, kumbe unachokijua kuhusu ugonjwa ni madoa yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeumbuka mbele ya mwanao. Alisimama pale kwenye dawati la zahanati akasikia simu yote.

Usije Juni. Nasema usije, na kama


Mama,

Shangazi ameitwa mlangoni na mteja, kaniambia nimngoje. Sitamngoja. Ni mimi, Kasuku.

Mwandiko huu ni wangu. Ni wangu tangu Januari, niliunyoosha usiutambue. Shangazi haoni karibu. Uzi hawezi kuupitisha kwenye sindano, herufi za barua anaziona kama moshi, hata ulizozikuza. Anasema macho yamechoka kwa kazi, mpe mtoto asome. Ananiambia la kusema, mimi naandika. Barua zako namsomea mimi, kwa sauti, nimekaa kwenye kiti cha maharusi. Amenikataza nisimwambie mtu, maana nani atampa uso wake mpambaji asiyeona? Rangi nampa mimi mkononi. Nyusi namwambia, "Shangazi, panda kidogo, hapo." Jumamosi sikuwepo, ndiyo maana.

Aliposema uso wangu unang'aa hakusema uongo. Alinisogeza dirishani akaona mng'ao. Ulikuwa ni maji yanayotoka kwenye ngozi. Nilitaka kumwambia, nikaona ameridhika, nikaandika tu alichosema.

Ile sehemu ya kunihamishia chumba cha nyuma niliiandika kwa mkono wangu. Akaniuliza, "Umeandika?" Nikasema nimeandika. Ile ya wewe kula umenipa mgongo niliisoma kwa sauti. Sikuruka neno. Nilifika "chakula hakikupita", Shangazi akasema, "Endelea," nikaendelea. Kesho yake ndiyo nilianza kwenda maktaba. Nilikuwa nahesabu ni nani aliyebaki anayeweza kunitazama, na sikupata.

Muuguzi wa zahanati alinikalisha kwenye mwanga. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akatazama kila mahali, hakukunja uso. Akaniuliza, "Inauma?" Mama, niliangua kilio mpaka akafunga mlango.

Aliyoniambia ni haya. Niache spiriti leo, niache krimu leo. Nioshe uso kwa maji na sabuni laini asubuhi na jioni, kwa viganja tu, bila kusugua. Nisitumbue. Ngozi ikipona kuungua, nirudi anipe dawa ya chunusi yenyewe, ya kupaka kidogo sana jioni, na nisitegemee kitu kabla ya wiki nane, pengine kumi na mbili. Akasema makovu mengine yatabaki, na yakinisumbua atanielekeza kwa daktari wa ngozi. Akasema si uchafu. Alilisema mara mbili: si uchafu, hukufanya kosa.

Hilo la mashuka sikulijali sana. Nilijali kwamba ulijua hujui.

Shangazi anarudi. Atanitaka nimsomee tulipofika. Nitamsomea yote, na haya pia. Msinitumie kitu, wala msinipake kitu. Wote wawili.


28 Mei

Wifi, na wewe unayemsomea,

Nimeanza barua hii mara nne. Mama yangu anasalimia, na safari hii ni kweli nimeelewa kwa nini: ana moyo kuliko mimi.

Nafua mashuka. Mashine sita, mbili mbovu. Mikono yangu imebabuka kwa dawa ya kufulia, ndiyo maana Desemba nilivaa glavu nikakuambia, mwanangu, ni za wodini. Kwenye matanga ya kaka yako, wifi, ulisema mbele ya watu wote, "Na huyu sasa atakula nini?" Nikajibu nimepata kazi hospitali. Shemeji mmoja akasema, "Uuguzi?" Sikusema ndiyo. Wala sikusema siyo. Ulinyamaza, wifi, mara ya kwanza tangu nikujue, na utamu wa ukimya ule ndio ulionifanya niendelee. Kuhusu spiriti niliwaona wauguzi wakisafishia mkono kabla ya sindano, nikasema mkono ni ngozi na uso ni ngozi. Hiyo ndiyo shule yangu yote.

Usifurahi. Mimi nimetibu bila kujua, wewe umepamba bila kuona. Umewapaka rangi mabinti wa watu kwa kubahatisha, ukaniandikia "nilimtazama kwa macho yangu haya", na ukamfanya mtoto aandike matusi yanayomhusu mwenyewe. Nilipofikiri tunatukanana sisi wawili, tulikuwa tunamtukana yeye, wewe kwa mkono wake, mimi kwa mdomo wake. Nyani haoni kundule, na wewe huoni hata la mwenzako. Nenda ukapimwe macho.

Sasa wewe, Kasuku. Soma polepole.

Ile ya chakula niliiandika ili shangazi yako aumie. Nilitafuta neno zito kuliko yote nikalirusha, sikujua nani amesimama katikati. Lakini siwezi kukuambia kwamba sikugeuka. Niligeuka. Ulikuwa unanitazama mgongoni, nilijua unanitazama, na sikugeuka tena. Sina dawa ya hilo. Kikaratasi chako cha "Mama, inauma" ninacho kwenye mfuko wa sare. Ninakijibu leo, nikiwa nimechelewa karibu miezi mitatu: najua inauma. Nilijua nilipokisoma.

Sitakuja kukuchukua. Kama utataka nije, nitakuja, na nitakaa mbele yako. Kama hutaki, shangazi yako anajua kuniandikia "usije" vizuri sana.

Mama Kasuku


16 Juni

Wifi,

Huu mwandiko ni wangu. Kuku amepita kwenye unga, furahi. Barua hii imenichukua asubuhi nzima na karatasi tatu.

Nina miwani. Fundi wa miwani aliniuliza tangu lini sioni, nikamwambia tangu juzi, akacheka mpaka akakaa. Maharusi wawili wamenihama. Mmoja amebaki, anasema nilimpamba dada yake na ndoa imedumu. Yule wa viungo vya krimu nilimkuta sokoni, na nadhani bado anakimbia. Kopo nimelitupa.

Hayo ya matangani nayakumbuka. Niliyasema. Siombi radhi kwako, maana hata wewe hujaniomba. Tutagombana ukija, tumeachiana mengi.

Niliporudi na miwani nilimwambia mtoto akae dirishani. Kwanza hakutaka. Nikamwambia nami naogopa vilevile. Akakaa, akashusha mtandio. Nikamwona.

Wekundu umepungua, haujaisha. Chunusi zipo, chache. Kwenye shavu la kushoto ana makovu matatu yaliyopangana, na pale pale kaka yangu alikuwa nayo, matatu, pale pale. Nilikuwa nimeyasahau. Niliyafunika asubuhi moja miaka ishirini iliyopita, na tangu hapo namkumbuka kwa ile sura ya kwenye picha yako. Nilishindwa kujizuia, nikalia na miwani mipya ikaingia ukungu.

Mkono wangu ukaenda kwenye poda. Ni mazoea, wifi, sikuutuma. Sifongo ilikuwa imeshafika karibu na shavu. Akanishika kiganja, taratibu, akasema, "Shangazi, acha." Nikaiweka mezani.

Amerudi shuleni wiki hii ya tatu. Jumamosi anakaa mlangoni, mbele. Asiyependa mlango wangu apite ng'ambo.

Anasema uje, uje mikono mitupu. Mimi sijakusamehe, nawe usijisumbue kunisamehe. Kitanda kipo.

Sasa hivi ninapoandika amekaa kwenye kiti cha maharusi na dawa mpya ya zahanati, anasoma karatasi yake kwa sauti tangu juu, kila mstari, mpaka jina la kiwanda na namba ya sanduku lao la posta. Kichwa kinaniuma. Nimemwacha asome.

Wifi yako